Sanduku la Wasomaji: Kwenda Ugiriama kwa Gari, Mzee Akiwa Kiti cha Mbele

Mwezi huu tumepokea barua nne zinazohusu jambo moja, nalo ni familia za Nairobi zinazofunga safari ya gari kwenda nchi ya mababu zao katika Kaunti ya Kilifi. Tumezijibu pamoja, ya kwanza kwa urefu kwa kuwa imebeba mengi, na majina ya waandishi tumeyaficha kwa ombi lao wenyewe.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, wenye umri wa miaka 15, 11 na 6. Mume wangu ni Mgiriama aliyezaliwa Nairobi, na baba yake, ambaye sasa ana miaka 77, alizaliwa hapa hapa pia, katika nyumba za wafanyakazi wa reli kule Muthurwa, baada ya baba yake kuletwa na kazi ya reli. Mimi kwetu ni Murang'a. Watoto wangu wanaijua Mombasa ya ufuoni, lakini Ugiriama wamefika mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa kwa mazishi. Mzee anasema anataka kuwaonyesha wajukuu walikotoka kabla macho yake hayajafifia kabisa. Tumepanga kwenda mwezi wa Agosti kwa siku 8, kwa gari letu la viti 7. Tupite njia gani, tuanzie wapi, na je, tunaweza kuingia Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama? Nami nisiye wa kabila hilo, nafasi yangu katika safari hii ni ipi?
Mama wa Watatu, Donholm

JIBU: Mama wa Watatu, neno lililonigusa katika barua yako ni mazishi. Watoto wengi wa Nairobi huijua njia ya nyumbani kwa matanga: basi la kukodi huondoka usiku likifuata gari la maiti, hufika alfajiri, watu huzika, hula, na kesho yake jioni wamo tena kwenye Barabara ya Mombasa wakisinzia. Kijiji wanachokikumbuka ni mahema, vipaza sauti na watu wazima wanaolia. Ukiweza kuwafikisha mara moja tu wakati hakuna aliyekufa, na babu yao yu hai na anazungumza, utakuwa umefanya sehemu kubwa ya kazi hata kabla ya kufika kaya yoyote.

Kazi yenyewe basi ianzie Donholm. Tenga Jumapili tatu au nne mchana, weka simu mezani irekodi, na mwache mwanao wa miaka 15 amhoji babu yake. Asimwombe hadithi, kwa sababu mzee akiombwa hadithi hutoa zile alizozizoea. Amwombe majina: mudzi, yaani boma, wa baba yake uliitwaje, mbari yao ni ipi, maji yalitekwa mto gani au kisima gani, shamba lilipakana na la nani, ni nani aliyekuwa wa kwanza kupanda treni. Ukumbuke pia kwamba mzee aliyezaliwa Muthurwa ameyapata mengi kwa kusikia na kwa likizo chache za utotoni, kwa hiyo si kumkosea heshima kumpigia simu binamu yake aliyeko nyumbani na kulinganisha. Palipo na tofauti, andikeni yote mawili, kisha mkaulize mkifika.

Katika majina hayo kuna hazina ambayo watoto huenda hawajaitambua. Wagiriama humpa mtoto jina la babu yake, ndiyo maana Karisa wa Charo humzaa Charo wa Karisa, naye huyo atamzaa Karisa wa Charo, majina mawili yakipokezana kizazi baada ya kizazi. Mbari nazo zina majina yake yanayojulikana. Basi msishangae mzee wa kijiji akilisikia jina la mwanao pamoja na la baba yake na kuanza kutaja jamaa zenu kabla hamjajieleza. Charo, kwa walioko kiti cha nyuma, maana yake ni safari.

Sasa, mnatoka wapi hasa? Swali hili ndilo litakaloamua njia yenu, na jibu lake si mahali pamoja. Masimulizi ya Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, yanasema walitoka Singwaya upande wa kaskazini, jambo ambalo wanahistoria wangali wanabishana juu yake na ambalo hamtalimaliza kwa siku 8. Kinachoonekana kwa macho ni makaya, vijiji vilivyozungushiwa ngome ndani ya misitu, ambavyo kwa maelezo ya UNESCO vilianza kujengwa karne ya 16 na kufikia miaka ya 1940 vilikuwa vimeachwa kama makazi, vikabaki mahali patakatifu pa mizimu ya mababu. Misitu 10 ya aina hiyo, iliyotawanyika katika pwani ya kama kilomita 200, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kaya ya Wagiriama ni Kaya Fungo, upande wa Kaloleni. Lakini katika karne ya 19 Wagiriama walianza kutoka kaya kutafuta mashamba na malisho. Wakasambaa kuelekea Ganze, wakafika mto Sabaki, na mwisho wakauvuka wakalima Magarini. Kwa hiyo inawezekana kabisa babu mkubwa aliyepanda treni kuja Nairobi hakutoka Kaloleni bali Ganze au ng'ambo ya Sabaki, na kaya kwake ilikuwa kumbukumbu tayari. Ulizeni hilo kwanza. Ningekuwa mimi, ningeipanga safari ifuate mtawanyiko huo: kutoka kaya, kwenda Ganze, hadi Magarini, ili watoto waone kwamba wazee wao walikuwa watu wa kuhama na wala hawakungoja kituo kimoja hadi reli iwakute.

Njia ni nyepesi kueleza. Tokeni Nairobi saa 11 alfajiri kabla malori hayajaijaza barabara, na msiendeshe usiku hata kama dereva anajiamini, kwa sababu sehemu kubwa ya Barabara ya Mombasa ni ya njia moja kwenda na moja kurudi, na trela zinazopitana gizani hazina huruma. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Kijana hukimaliza kipande hicho kwa siku moja, lakini mzee wa miaka 77 hafai kukimaliza hivyo. Mguu uliokunjwa saa 8 huvimba, na mtu aliyefika nyumbani kwao akiwa hoi hatasimulia lolote. Simameni kila baada ya saa 2. Makindu lipo hekalu la Masingasinga, la tangu 1926, linalowakaribisha wasafiri wa dini zote kwa chakula bila malipo. Vueni viatu, funikeni vichwa, kuleni, shukuruni. Mtito Andei ndipo nusu ya njia. Laleni Voi.

Kipande cha kutoka Mtito Andei hadi Voi msikipite kimya. Barabara inapasua katikati ya Tsavo, mbuga iliyotengwa mwaka 1948, na ndovu wake ni wekundu kwa udongo wanaojipaka. Reli mpya inaenda sambamba nanyi, na chini yake kuna vivuko walivyoachiwa wanyama. Reli ya zamani ilianza Mombasa mwaka 1896 na ikafika Nairobi mwaka 1899. Hiyo ndiyo iliyomleta baba wa mzee wenu. Hapo mwambieni mzee aeleze alichosikia juu ya safari ile, kwa sababu mtakuwa mnairudia kinyumenyume, naye huenda akakumbuka jambo ambalo sebuleni halikumjia.

Siku ya pili, mkishapita Mariakani na mizani yake, mtafika Mazeras na kuiacha barabara kuu mkipinda kushoto kuelekea Rabai na Kaloleni. Faida yake ni kwamba hamtaingia kabisa katika msongamano wa Mombasa, maana barabara hiyo inaendelea hadi Mavueni, karibu na mji wa Kilifi. Rabai simameni saa moja. Hapo ndipo Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipoanzisha misheni pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846, na pana jumba dogo la makumbusho. Ila waelezeni watoto kwamba Rabai ni kwa Warabai, ndugu zenu, na wala si kwenu. Nimeona familia zikipiga picha za "nyumbani" mbele ya kanisa la watu wengine kwa sababu lilikuwa na kibao kizuri barabarani.

Kuhusu Kaya Fungo jibu langu ni refu kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Kaya si bustani ya umma ambayo mtu hulipa langoni akaingia. Ina wazee wake, na ruhusa hutoka kwao, wala haitoki kwa jamaa yenu anayeendesha bodaboda hata akiapa kwamba anawajua wote. Angalau wiki mbili kabla ya safari, mume wako amtume jamaa wa kijijini, mtu mzima anayeheshimika, akaeleze kwa wazee wa kaya ninyi ni nani, ni wa mbari ipi na mnakuja kufanya nini. Mtaambiwa kuhusu kadzama, ambayo kwa asili ni kibuyu cha pombe ya mnazi kinachotolewa mtu anapopeleka ombi kwa wazee, na ambayo siku hizi mara nyingi hugeuzwa kuwa pesa. Ulizeni kiasi mapema, kilipwe na mume wako au baba yake kwa mkono wake mwenyewe, na msikipigie bei kama mnaonunua viazi Wakulima. Siku yenyewe mtaambiwa kuvua viatu na kofia, mtafungwa nguo viunoni, na mtakatazwa kuokota hata kijiti kilichoanguka. Simu zibaki mifukoni mpaka mruhusiwe. Mtoto wa miaka 6 mzoezeni haya nyumbani kama mchezo, kwa sababu sheria asiyoijua ataivunja mbele ya watu.

Na inawezekana msiingie. Huenda wazee wakasema siku si nzuri, au kwamba mzee aingie peke yake nanyi mngoje kwenye mti wa nje. Msibishane na msikasirike. Kungoja kwenu nje huku babu akiingia na kutoka akiwa na uso mwingine ni jambo ambalo mtoto wa miaka 11 atalikumbuka kuliko picha 40. Iwapo watoto watatamani sana kuona ndani ya msitu wa kaya, Kaya Kinondo ya Wadigo, karibu na Diani, hupokea wageni na kuwatembeza. Lakini hiyo iko kusini, inahitaji safari yake, na siipendekezi kwa siku 8 hizi.

Habari za Mekatilili wa Menza zisimulieni hapo karibu na kaya, msizimalize garini. Wakati Waingereza walipotaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi na kodi ilipozidi, mwanamke huyo mjane aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwalisha viapo. Alikamatwa mwezi wa Oktoba 1913 pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali magharibi mwa nchi, wakatoroka mwaka uliofuata na kurudi pwani kwa miguu. Mwezi wa Agosti 1914 serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, kisha ikataka kuwahamisha Wagiriama wote walioishi ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Mkisafiri Agosti, mtasimama pale mwezi ule ule. Mkifika Malindi mtaikuta sanamu yake, na mtoto aliyesikia habari zake kule Kaloleni hataipita kama nguzo ya stima.

Wewe mwenyewe, Mama wa Watatu, uliza bila kujidunisha. Mume wako ataona haya kuuliza mambo ambayo Mgiriama "anapaswa" kuyajua, na mzee naye ataona haya kukiri kwamba hayajui. Wewe huna haya hiyo. Keti na wanawake, ingia jikoni, jifunze namna wanavyopika mboga ya mchunga ili uchungu wake uwe mtamu, waulize kina hawe, yaani mabibi, waliolewaje na kutoka wapi. Wanaume watawapeleka kwenye mipaka na makaburi. Wanawake ndio watakaowatajia nani alizaliwa na nani. Wapelekee leso, sukari na majani ya chai, na kwa wazee wa kiume tumbaku. Kila bahasha iwe na mwenyewe, kwa sababu bahasha moja ya "familia yote" huacha maneno nyuma yenu.

Baada ya hapo fanyeni makao yenu Kilifi. Mzee wenu ataikumbuka feri iliyokuwa ikivusha watu katika hori pale kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Pitieni juu ya daraja polepole na mumwache aseme. Ganze iwe safari ya siku moja. Kisha mwende Malindi, mvuke Sabaki, mfike Marafa, ambako mvua na upepo vimechonga bonde la mchanga mwekundu na mweupe linaloitwa Nyari, yaani mahali palipojivunja penyewe. Wenyeji husimulia kwamba paliishi matajiri waliokuwa wakioga maziwa, ardhi ikawameza. Nendeni jioni, jua likiwa limepoa. Na siku moja nzima wapeni watoto bahari bila historia yoyote.

Mwisho, malaria. Watoto waliokulia Nairobi hawana kinga ya mtoto wa Kilifi, hata kama damu ni ile ile. Mwoneni daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kinga, bebeni vyandarua, na homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi ipimwe damu mara moja bila kuiita mafua ya Nairobi.

SWALI: Baba yangu ana miaka 74 na kichwa chake ni cheupe kwa mvi. Amekubali twende naye Ganze pamoja na familia yangu, lakini amekataa katakata kulala kijijini, akisema wazee wa mvi huuawa kule. Mke wangu anaona ni visingizio. Wakati huo huo binamu yangu amepiga simu kuuliza kama tunakuja kupima shamba. Nimechanganyikiwa.
Mwana wa Ganze, Kayole

JIBU: Baba yako hana visingizio. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameshambuliwa na wengine kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo pana ugomvi wa ardhi na urithi. Kule kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia makwao kwa hofu hiyo. Haimaanishi kwamba kila kijiji ni hatari, wala kwamba jamaa zako ni wabaya. Lakini mzee anayeijua mbari yake anajua pia nani haongei na nani, na kuna mambo ambayo hatamweleza mkwewe. Laleni Kilifi mjini. Fikeni kijijini asubuhi, kuleni mchana pamoja nao, na ondokeni kabla ya jua kuzama mkiaga kwa sababu ya kawaida, kwa mfano dawa za mzee zilizobaki hotelini. Msimtangazie mtu yeyote hofu yake.

Sasa unganisha hilo na simu ya binamu, kwa sababu kwa maoni yangu ni jambo lile lile. Mtu wa Nairobi anayetokea ghafla na watoto wake, akiuliza shamba la babu liliishia wapi na kupiga picha za miti ya mpakani, hawezi kueleweka vingine. Pwani ardhi ni kidonda cha zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai wajitokeze wakasajiliwe, na Wamijikenda wengi walibaki bila hati katika mashamba waliyoyalima; hadi leo wako wanaoishi juu ya ardhi yenye jina la mtu mwingine. Aliyebaki akailinda kwa kuilima haoni raha kumwona aliyeondoka akirudi na kalamu.

Mpigie binamu yako leo. Mwambie, mbele ya mzee mwingine kama shahidi, kwamba safari hii ni ya watoto kuwaona ndugu zao na kwamba hakuna mpimaji wala karatasi yoyote mtakayoibeba. Kisha litimize neno hilo. Kama baba yako anayo haki ya kweli katika shamba hilo, idaiwe siku nyingine, kwa kikao cha wazee na kwa ofisi ya ardhi, bila watoto na bila kuku wa kuchinjiwa wageni. Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, nilikwenda kwa jamaa wa mama bila kutoa taarifa, nikauliza mipaka kwa udadisi tu, na ilinichukua miaka miwili kualikwa tena.

SWALI: Tutapita Malindi mwezi wa Agosti na shemeji yangu anataka kununua kigango cha zamani akiweke sebuleni, Kilimani, kama kumbukumbu ya asili yetu. Je, kuna ubaya?
Msomaji, South C

JIBU: Upo. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, inayosimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, na wenyewe huamini kwamba roho yake imo humo. Wasiokuwa wa Gohu huwekewa koma, kigingi kidogo zaidi. Nguzo hizo hazihamishwi hata familia inapohama, zinaachwa zioze pale pale. Ndiyo maana ziliibwa kwa urahisi sana, zikauzwa kwa watalii na wakusanyaji, nyingi zikaishia Marekani. Vigango viwili vilirudishwa kutoka makumbusho ya Marekani mwaka 2007, na vingine vimefuata baadaye. Anayekuuzia kigango cha kweli anakuuzia ama mali ya wizi ama babu ya mtu, na Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 haikuachi salama. Shemeji anunue kinyago kilichochongwa kwa ajili ya soko, na aseme wazi kwa wageni wake wa Kilimani kwamba ni hicho.

SWALI: Nina miaka 16. Mimi huongea Kiswahili, Kiingereza na Sheng, Kigiriama sijui. Nikienda na wazazi na babu watanicheka. Tena siku 8 bila intaneti! Na je, naweza angalau kukaa kiti cha mbele?
Kijana, Buruburu

JIBU: Watakucheka, ndiyo, hasa kina hawe, na watakutania kwa wiki nzima. Jifunze salamu moja ya asubuhi, "Mulamukadze?", uitamke mbele ya babu yako mpaka aridhike, kwa kuwa sauti za Kigiriama hazikai vizuri katika ulimi wa Buruburu kwa siku moja. Ukishaisema, jibu litakalorudi hutalielewa, na hapo mtu atakusaidia. Kiswahili chako kitatosha kwa mengine yote, ingawa kule watakisahihisha pia. Andika maneno mapya kwa kalamu, kwa sababu mwenye neno akiona unaliandika hulirudia polepole.

Intaneti ipo Kaloleni, Kilifi na Malindi. Vijijini itakupotea hapa na pale. Beba chaja ya gari na betri ya akiba, na simu yenyewe itakuwa na kazi ya kurekodi.

Kiti cha mbele unaweza kukaa kutoka Nairobi mpaka Voi, wakati babu anapohitaji kunyoosha miguu nyuma. Kuanzia Voi ni chake. Mkishapinda Mazeras ataanza kunyoosha kidole kila kona, na dereva lazima aweze kumsikia.